Kutazama Wanyama Kilombero Wakati wa Joto

Bonde la Kilombero ni uwanda mpana wa mafuriko uliolala kati ya Milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge, upande wa kusini-mashariki. Mji wa Ifakara uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu hali yake ya hewa. Kadiri mahali panavyokuwa chini ndivyo panavyokuwa na joto zaidi, na Ifakara haina mwinuko wa Iringa wala upepo wa bahari wa Dar es Salaam wa kuupoza mchana wake. Katika miezi ya joto, hasa Oktoba hadi Februari, mchana wa kawaida hupita nyuzi 30 za sentigredi.

Hata hivyo bonde hili limezungukwa na wanyama kuliko sehemu nyingi za nchi. Kaskazini yake iko Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye eneo la kilomita za mraba 1,990. Mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Mto Kilombero wenyewe, pamoja na uwanda wake, uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka 2023 sehemu kubwa ya uwanda huo ilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Anayesafiri kwenda Morogoro hupita pia karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkazi wa Ifakara, mwanafunzi aliye kwenye ziara ya shule au mgeni aliyetoka mbali anaweza kuwaona tembo, viboko, mbega na ndege wa majini bila kufika kwenye bustani yenye vizimba.

Tatizo ni kwamba safari nyingi hupangwa kwa kufuata likizo, na likizo ya Desemba huangukia katikati ya msimu wa joto. Watoto hurudi wakiumwa kichwa, wazee huishiwa nguvu njiani, na mara nyingi wanyama wenyewe hawaonekani. Mambo hayo mawili, mwili kuzidiwa na wanyama kutoonekana, yana chanzo kimoja: watu hutembea saa ambazo kila kiumbe chenye busara kimetafuta kivuli. Anayejipanga kwa kufuata saa za wanyama hupata nafuu mwilini na huona mengi zaidi.

Joto la Kilombero lilivyo

Ifakara iko kwenye latitudo ya nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na katikati ya Oktoba, linapoelekea kusini, na tena mwishoni mwa Februari, linaporudi kaskazini. Katika majuma hayo kivuli cha mtu aliyesimama saa sita mchana hukusanyika chini ya miguu yake, na miti isiyo na matawi mapana haimfichi mtu. Oktoba na Novemba ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa jua liko juu, nyasi zimekauka, mvua bado hazijatulia na ardhi imekuwa ikichomwa tangu mwisho wa kipupwe.

Mvua zikishaanza, joto hupungua kidogo lakini unyevu hupanda. Bonde hujaa maji, mashamba ya mpunga hufurika, na hewa huwa nzito. Hapo ndipo wageni wengi hushangaa kwamba nyuzi 32 za Ifakara zinachosha kuliko nyuzi zilezile za Dodoma. Sababu yake iko kwenye jasho. Mwili wa mtu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kutoa jasho ambalo hukauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo: maji hupenya taratibu kwenye vinyweleo vya mtungi, hukauka upande wa nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Penye hewa kavu mtungi hupoza vizuri. Penye hewa iliyojaa unyevu hupoza kidogo tu, kwa sababu maji hayakauki. Mwili nao ni hivyohivyo. Katika Kilombero ya Desemba jasho hutiririka bila kukauka, mtu hupoteza maji na chumvi, na bado hapoi. Ndiyo maana upepo, hata ule mdogo wa pepeo au wa dirisha la gari, una thamani kubwa bondeni: unaondoa hewa nzito iliyogandamana na ngozi na kuliruhusu jasho likauke.

Siku nayo ina mpangilio wake. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, ardhi imepoa usiku kucha na mwanga ni mzuri. Kuanzia saa nne mionzi ya jua huwa mikali, na hubaki hivyo hadi saa kumi alasiri. Kilele cha joto hakiji saa sita jua linapokuwa utosini, bali baadaye, kati ya saa nane na saa kumi, kwa kuwa ardhi iliyopashwa tangu asubuhi huendelea kuipasha hewa. Baada ya saa kumi hali hulegea. Wakulima wa mpunga wa Kilombero wanaijua ratiba hii bila kuandikiwa: jembe hushikwa alfajiri, mchana watu hupumzika kwenye kibanda cha shamba au chini ya mwembe, na kazi huendelea jioni.

Wanyama wanavyojipoza

Mnyama wa porini hana feni, lakini ana mbinu zilizofanyiwa kazi kwa vizazi visivyohesabika. Anayezijua hujua pia wapi pa kumtafuta na saa ngapi.

Tembo ana tatizo kubwa kuliko wote. Mwili wake ni mkubwa, hutengeneza joto jingi, na karibu hana tezi za jasho. Nafuu yake kuu iko masikioni. Nyuma ya sikio la tembo kuna mishipa mingi ya damu iliyo karibu na ngozi nyembamba. Anapolipepea sikio, damu iliyomo hupoa kabla ya kurudi mwilini. Ngozi yake pia imejaa mikunjo na nyufa ndogo zinazohifadhi maji na tope, hivyo tembo aliyeoga hubaki na unyevu kwa muda mrefu baada ya kutoka majini. Wakati wa joto tembo hukaa karibu na maji na vivuli mchana, kisha husafiri jioni na usiku. Hata katika ushoroba unaounganisha Udzungwa na Nyerere, ambako imejengwa njia ya kupita chini ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara, giza ndilo huwapa nafasi ya kuvuka bila kukutana na watu.

Kiboko amechagua maji. Mchana kutwa hukaa mtoni, pua, macho na masikio tu vikiwa juu, kwa sababu ngozi yake hukauka na kupasuka haraka juani. Anapokuwa nje, ngozi hiyo hutoa ute ambao mwanzo hauna rangi, kisha hugeuka mwekundu na mwishowe kahawia. Zamani wengi walidhani ni damu au jasho la damu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walionyesha kwamba rangi hizo, nyekundu na ya machungwa, hufyonza mionzi mikali ya jua na kuzuia ukuaji wa baadhi ya bakteria. Kiboko, kwa hiyo, hubeba mwilini dawa yake ya kukinga jua na ya kutunza majeraha. Mtu anayetaka kumwona ana faida moja: saa za joto, ambapo wanyama wengine wamejificha, ndizo saa za uhakika za kumkuta kiboko majini. Bwawa la viboko la Mikumi hupendwa mchana kwa sababu hiyo.

Mamba hufanya kinyume kwanza: asubuhi huota jua apate joto, kisha likizidi hufungua kinywa na kukaa hivyo, joto litoke kupitia utando mwororo wa ndani, au huteleza majini. Ndege hawana tezi za jasho. Hupumua haraka midomo ikiwa wazi na kuitetemesha ngozi ya koo. Korongo wakubwa huenda mbali zaidi, hujinyea miguuni, na unyevu huo unapokauka hupoza damu inayopita kwenye miguu yao mirefu. Simba hulala kivulini sehemu kubwa ya siku na kuwinda usiku. Nyati hugaagaa kwenye tope na kula zaidi kukiwa na ubaridi.

Bondeni yuko pia sheshe, swala mwenye rangi ya dhahabu anayependa nyasi fupi za kandokando ya maji. Uwanda wa Kilombero ulijulikana duniani kwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote, kabla mifugo na mashamba havijaubana na idadi yao kuporomoka. Sheshe hula asubuhi na mapema, kisha alasiri hadi usiku. Anayefika saa saba mchana atakuta nyasi zinazometameta kwa joto na kurudi akisema sheshe wamekwisha, ingawa waliobaki wamelala kwenye majani marefu mita chache kutoka njiani. Mbega nao, baada ya kujaza matumbo majani asubuhi, hutulia juu ya miti wakati wa mchana chakula kikisagika.

Ratiba inayofaa

Kutokana na hayo, ratiba ya safari wakati wa joto inajiandika yenyewe. Malango ya hifadhi za taifa hufunguliwa alfajiri, na gari linalofika langoni mapema hupata saa tatu au nne za hewa nzuri. Hizo ndizo saa za tembo, sheshe, swala na simba wanaorudi mawindoni. Kuanzia saa tano hadi saa tisa ni wakati wa kukaa: kula chakula chini ya mti kwenye eneo lililoruhusiwa, kutazama viboko, au kupumzika kambini. Saa kumi safari huanza tena hadi karibu na magharibi. Shule inayoondoka Ifakara saa mbili asubuhi, ikafika hifadhini karibu na saa sita na kugeuza saa tisa, imelipia sehemu mbaya zaidi ya siku. Ni afadhali wanafunzi walale jirani na lango usiku mmoja, au ziara isogezwe Juni hadi Agosti, miezi ambayo bonde hupoa na njia nyingi zimekauka.

Kwa anayesafiri kwa treni ya TAZARA, reli iliyozinduliwa mwaka 1976, ratiba haiko mikononi mwake. Lakini reli hiyo hupita ndani ya sehemu ya kaskazini ya iliyokuwa Selous, na abiria aliyekaa dirishani anaweza kuona twiga, tembo na swala bila kushuka. Upepo wa treni inayokwenda humpoza. Kazi yake ni kubaki upande wa kivuli na kuwa na maji ya kutosha, kwa sababu treni ikisimama kwa muda mrefu kwenye stesheni ndogo, behewa hupata joto haraka.

Udzungwa, kimbilio la ubaridi

Ndani ya Kilombero yenyewe ipo njia nyingine ya kukimbia joto, nayo ni kupanda. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hifadhi ya Udzungwa huanzia chini bondeni na kufika mita 2,576 kwenye kilele cha Luhombero, hivyo tofauti kati ya miguu ya mlima na kilele chake hupita nyuzi 10. Zaidi ya hapo, msitu wake hushuka mfululizo kutoka juu hadi karibu na mashamba ya watu, na chini ya matawi yaliyofungamana jua haligusi ardhi ila kwa vipande.

Hifadhi hii hutembelewa kwa miguu, kila kundi likiwa na mwongozaji kutoka makao yake yaliyoko Mang'ula, kwenye barabara itokayo Ifakara kwenda Kidatu. Njia inayopendwa zaidi ni ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka jumla ya mita 170 kwa hatua tatu. Njia hupanda kwa ukali na huchukua saa kadhaa kwenda na kurudi. Anayeanza saa moja asubuhi hupanda kukiwa na ubaridi, jasho likimtoka kwa kazi na si kwa jua. Anayeanza saa sita hukuta sehemu ya chini ikiwa imeshika joto kama bonde zima. Njiani kuna mizizi ya kushikilia, vijito vya kuvuka na majani makubwa yanayodondosha maji. Ukikaribia maporomoko, hewa hubadilika: vumbi la maji husukumwa na upepo wa maporomoko yenyewe, hulowesha uso na nguo, na kinachokauka juu ya ngozi hupoza kuliko feni yoyote ya mjini. Juu, pale bonde linapoonekana lote, mashamba ya miwa yametandaa chini, na joto linalotetemeka juu yake huonekana kwa macho.

Katika msitu huo huo wako nyani na kima wasiopatikana kwingine duniani. Mbega mwekundu wa Udzungwa huonekana mara nyingi hata karibu na Mang'ula, na mangabe wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu, huishi kwenye misitu ya milima hii peke yake. Msituni kivuli humpoza mnyama kiasi kwamba mara nyingi kuna cha kuona hata saa za mchana. Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee zipo njia fupi zaidi, ikiwemo ya maporomoko ya Sonjo, zisizodai kupanda kwa muda mrefu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Maji ya Udzungwa yasimfanye mgeni adhani kwamba maji yote ya Kilombero ni ya kuogea. Mto Kilombero na mabwawa yake yana mamba na viboko, na maji yaliyotulia kwenye mashamba na madimbwi huweza kuwa na kichocho. Hata kwenye jua kali, kujitosa mtoni ni hatari. Maji ya kujipoza yachotwe kwenye ndoo kutoka bombani au kisimani. Kwenye maporomoko, mwongozaji ndiye anayejua dimbwi lipi linaruhusiwa na jiwe lipi linateleza.

Mavazi na vifaa

Nguo ya pamba, nyepesi na pana, ndiyo inayofaa. Pamba hunyonya jasho na kuliruhusu likauke, na upana wake huacha hewa izunguke. Nguo za kubana za nailoni huzuia yote mawili. Mikono mirefu hufunika ngozi dhidi ya jua mchana na dhidi ya mbu alfajiri na jioni, na hilo si dogo katika bonde ambalo malaria imesumbua kwa muda mrefu kiasi cha Ifakara kuwa na taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana kimataifa, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950.

Rangi nayo ina maana. Nguo nyeusi hunyonya joto. Tena, nyeusi na buluu iliyokolea huwavuta ndorobo, wadudu wanaong'ata kwa uchungu na wanaoweza kueneza ugonjwa wa malale. Ndiyo maana mitego ya ndorobo hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Rangi ya mchanga, kijani kilichofifia au kahawia nyepesi ni salama zaidi. Nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi ziachwe nyumbani, kwa sababu raia haruhusiwi kuzivaa Tanzania.

Kofia ya pama, yenye ukingo mpana uliosukwa, hushinda kofia ya kepu kwa mbali, kwa kuwa kepu huacha masikio na shingo wazi. Kanga moja ina kazi nyingi: ikiloweshwa na kukamuliwa kisha kuwekwa shingoni hupoza damu inayopita karibu na ngozi, ikitandazwa dirishani mwa gari huwa pazia, ikifungwa kichwani huwa kilemba. Viatu viwe vya kufunika miguu na vyenye soli inayoshika, hasa Udzungwa.

Watu wenye ualbino wanahitaji uangalifu wa pekee, na jambo hili lisiachiwe bahati. Ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuikinga na mionzi, na kuungua mara kwa mara huleta saratani ya ngozi. Mwanafunzi mwenye ualbino ana haki ya kwenda ziara kama wenzake. Shule itimize wajibu wa kuhakikisha ana kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua, kiti cha upande wa kivuli na losheni ya kuzuia mionzi, inayopakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun iliyobuniwa kwa ajili ya ngozi za watu wenye ualbino katika mazingira ya Tanzania.

Maji na chakula

Kiu huchelewa. Mtu anapoisikia, mwili tayari umeshapungukiwa. Kwa hiyo maji hunywewa kidogo kidogo tangu asubuhi, si kwa kusubiri koo likauke. Kwa mtu mzima anayetembea siku nzima kwenye joto, lita 3 ni kiasi cha chini cha kubeba, na anayepanda mlima huhitaji zaidi. Rangi ya mkojo ni kipimo kisicho na gharama: ukiwa mweupe au wa njano hafifu, maji yanatosha; ukikolea, yaongezwe.

Anayetoka jasho jingi hupoteza pia chumvi, hivyo maji peke yake hayatoshi kwa safari ndefu. Chakula chenye chumvi kiasi, madafu, au juisi ya ukwaju au ya ubuyu isiyotiwa sukari nyingi hurudisha kilichopotea. Machungwa, ndizi na tikiti maji hubebeka vizuri na hayachachi haraka kama wali au nyama iliyofungwa moto. Pombe haifai, kwa kuwa huongeza mkojo na kumfanya mtu asiitambue hali yake. Chupa ya maji hubaki baridi ikivishwa soksi au kitambaa kilicholoweshwa na kuning'inizwa mahali penye upepo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo chakula kibebwe kwenye kikapu au kontena lenye kifuniko, ambalo pia huwanyima nyani harufu ya kuwaita.

Mtoto au mgonjwa asiachwe hata kidogo ndani ya gari lililofungwa vioo na kusimama juani. Joto la ndani hupanda kwa dakika chache hadi kiwango cha kuua.

Dalili za hatari na huduma ya kwanza

Joto humzidi mtu kwa hatua. Kwanza huja uchovu usio wa kawaida, kiu kali, kichwa kuuma, misuli ya miguu kukaza, kichefuchefu na kizunguzungu, ngozi ikiwa na jasho jingi. Hapo mgonjwa ahamishiwe kivulini, alazwe miguu ikiwa imeinuliwa kidogo, nguo zilegezwe, mwili umwagiwe maji na kupepewa, na anyweshwe maji yenye chumvi na sukari. Pakiti za ORS zinazouzwa maduka ya dawa ndizo bora. Zikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi huchanganywa katika lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya bapa, visijazwe kwa kilele, kwa sababu chumvi ikizidi hudhuru. Wengi hupata nafuu ndani ya saa moja, lakini hawapaswi kurudi juani siku hiyo.

Hatua ya pili ni ya kufa na kupona. Joto la mwili hupanda kufikia nyuzi 40 au zaidi, na ubongo huanza kuathirika: mgonjwa huchanganyikiwa, huongea maneno yasiyoeleweka, hupepesuka, hupata degedege au kuzimia. Huyu asinyweshwe kitu chochote akiwa hajitambui, maana anaweza kupaliwa. Kinachookoa ni kumpoza mara moja, palepale, kwa maji mengi mwili mzima, upepo mkali, na vitambaa baridi au barafu shingoni, kwapani na kinenani, huku gari likitafutwa la kumpeleka hospitali. Kupoza kuanze kabla ya safari na kuendelee njiani.

Walio katika hatari zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito, wenye magonjwa ya moyo, kisukari au shinikizo la damu, na wanaotumia dawa zinazoongeza mkojo. Hao wazungumze na daktari kabla ya safari. Homa inayokuja siku kadhaa baada ya kurudi isichukuliwe kuwa ni ya jua, ipimwe malaria.

Heshima kwa mnyama aliyepumzika

Kinachomfaa mgeni kinamfaa pia mnyama. Mnyama anayesumbuliwa saa za joto hulazimika kukimbia akiwa katika hali ambayo mwili wake unajitahidi kupoa, na anaweza kuumia au kumwacha mtoto wake nyuma. Gari linalosogea karibu mno na kivuli cha simba au linaloziba njia ya tembo kuelekea majini linamnyima kile anachokihitaji zaidi saa hiyo. Na tembo aliyezuiwa maji ni hatari.

Hali ni hiyohiyo katika bustani za wanyama. Tanzania ilianza ya kwanza mwaka 1964 katika kisiwa cha Saanane, Ziwa Victoria, kabla kisiwa hicho hakijawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na leo watu wa Dar es Salaam huwapeleka watoto kwenye bustani ya Kigamboni. Mnyama wa kizimbani hawezi kuhama kutafuta mto. Kivuli, maji safi na mahali pa kujificha ni lazima apewe na binadamu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemfuga mnyama amtunze. Mgeni anayepita mchana na kumwona chui amelala asimrushie jiwe wala kugonga wavu ili aamke. Akiona mnyama hana maji au hana kivuli, awaambie wahudumu.

Mzazi, mwalimu na mwendesha ziara wa Kilombero wanaweza kuanza na uamuzi mmoja usiogharimu fedha: kuondoka alfajiri, kupumzika mchana, na kurudi kutazama jioni. Maji, kofia na kanga vifuate. Safari iliyopangwa hivyo huwaonyesha watoto wanyama wengi zaidi na kuwarudisha nyumbani wakiwa wazima.